Mgonjwa Hatuliwi Njiani

Kitongoji chetu cha Kwengoto kiko juu ya barabara ya Mlalo, na gari halijawahi kupanda mpaka kwetu. Mtu akizidiwa anateremshwa kwa machela, yaani miti miwili ya mkaratusi na blanketi lililoshonwa katikati, wanaume wanne mabegani. Kushuka ni karibu saa moja kwa mtu asiye na kitu mkononi. Na sharti letu ni moja, nililikuta na wazazi wangu walilikuta: mgonjwa hatuliwi njiani. Anayetuliwa njiani ni maiti, anapopelekwa makaburini, pale kwenye jiwe la mpasuko, ili watu wamwombee. Mgonjwa ukimlaza chini kabla ya barabara, umeshamwonyesha udongo wake.

Zamani sharti hilo halikumsumbua mtu. Wanaume kumi na wawili walitembea pamoja, aliyechoka akapokewa bega kwa bega bila machela kusimama. Halafu ikaja ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kwenda unakotaka. Vijana wakaenda kutembeza mitumba Dar es Salaam, wengine wakaenda kuchimba madini Mererani, akiwamo Hassani, mume wa binti yangu Rehema. Mimi Amiri mageuzi hayohayo yakanirudisha. Shirika nililolifanyia ukarani Tanga kwa miaka ishirini na sita lilipunguza watu, nikapunguzwa. Nilipanda mlima na miwani, mashati sita meupe na kitambi. Mimi ni mtu wa hasira, nikiri mapema, na miaka ile nilikuwa nikigombana hata na kuku.

Mwezi wa Novemba mwaka 1995 tulimteremsha jirani aliyeumwa na nyoka. Wanaume tuliobaki tulikuwa saba. Zamu yangu ilipofika nikaweka bega. Hatua mia mbili hazikutimia, magoti yakaanza kucheza yenyewe. Ramadhani, mwashi mwenye mabega mapana, akanipokea bila kuniangalia usoni, kwa heshima. Mzee Yusufu hakuwa na heshima hiyo. Yeye ndiye kiongozi wa machela tangu niko darasa la tatu, na alisema bila kugeuka, akiniita mwanaume kwa kilugha chetu, "Mgosi, kalamu haibebi mtu." Wakacheka wote. Hata yule mwenye sumu ya nyoka mguuni alicheka, na sijamsamehe mpaka leo.

Ningeyameza maneno yale kama si Rehema. Mimba yake ya kwanza ilimweka siku mbili kwenye uchungu, hapahapa nyumbani, mtoto akatoka amekufa na yeye akabaki nusu. Daktari wa Lushoto alimpima nyonga, akasema wazi kwamba safari nyingine asijaribu kuzaa nyumbani, huenda akahitaji kupasuliwa. Sasa alikuwa na mimba tena, ya kujifungua katikati ya Mei. Tulipanga mwisho wa Aprili ateremke kwa miguu yake, akae kwa shangazi yake Lushoto kusubiri. Mpango mzuri, lakini mimi ni karani, nimeona mipango mingi mizuri ikiishia kwenye kabati. Nikakaa nikahesabu wanaume wa machela waliobaki, maana watatu wengine walikuwa wameondoka baada ya mwaka mpya. Alikuwapo mzee Yusufu, Ramadhani na mwalimu Danieli wa shule ya msingi. Wa nne nilikuwa mimi.

Niliogopa. Nilimwona mwanangu juu ya bega langu na magoti yangu yakicheza.

Kesho yake nikajaza mchanga kwenye dumu la lita ishirini, nikaanza kuinua, kuchuchumaa, kupanda na kushuka kilima cha nyuma ya nyumba, tangu jua linatoka mpaka uji ulipopoa. Nilitaka kumaliza uzembe wa miaka ishirini na sita asubuhi moja. Siku tatu zilizofuata sikuweza kuchuchumaa chooni. Mke wangu Mwanaheri alinikanda kwa maji ya moto, akaniuliza kama nilidhani nguvu ni mshahara, unapokea wote mwisho wa mwezi.

Aliyeniokoa ni mwalimu Danieli. Alipitia mafunzo ya jeshi ya JKT na ndiye anayefundisha michezo. Alianza kwa kuniambia haba na haba hujaza kibaba, nikakasirika, maana methali hiyo ni ya darasa la pili. Akangoja hasira ipite, akanieleza taratibu kwamba mwili hujengeka unapopumzika. Mtu wa miaka hamsini na tatu akijikamua saa nzima anavunjika. Mtu huyohuyo akifanya dakika sita, akaacha, akarudi baadaye tena dakika sita, jioni atakuta amefanya nusu saa na hakuumia popote. Nikamuuliza nitakumbukaje hizo nyakati. Danieli ni Mlutheri wa Mlalo, lakini jibu alikuwa nalo. "Nyie mmeshagawiwa siku tayari," alisema. "Kila ukimaliza kuswali, kunja mkeka, fanya dakika sita."

Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya alfajiri nilichuchumaa na kuinuka nikiwa nimekumbatia dumu, mgongo umenyooka. Adhuhuri nilipiga pushapu, mwanzo mikono ikiwa ukutani, baadaye kwenye kizingiti, mwishowe chini kabisa. Alasiri ndiyo ilikuwa kali, maana nilichonga mti wa mkaratusi kama wa machela, nikafunga dumu kwenye ncha, nikauweka begani na kuzunguka uwanja nao. Watoto wa jirani waliimba kwamba karani amebeba faili. Magharibi nilipanda na kushuka jiwe la mlangoni, na baada ya isha nilisimama kwa mguu mmoja chumbani mpaka Mwanaheri aseme inatosha, na mara nyingine alikuwa anasinzia makusudi.

Mwanaheri huteremsha kuni kutoka msituni tangu ni msichana. Wiki ya tatu alinitazama nikipanda kilima na mti wangu, akasema najifundisha bure, binti yetu hatapandishwa, atateremshwa. Kupanda kunamaliza pumzi, lakini kinachomaliza magoti ni kushuka. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kupandisha dumu polepole na kuteremka nalo kama nimebeba mayai.

Mwezi wa Machi kitambi kilikuwa kimekwenda na mashati yananibana mabegani. Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilikuwa nimejua kipimo changu. Na dumu limejaa, mti begani, nilikwenda hatua mia tatu, kisha magoti yanaanza kutoa taarifa. Nikitua, nikasoma Alhamdu mara tatu bila haraka, magoti yanarudi kama hayakwenda popote, nazimaliza nyingine mia tatu. Kwa kutua hivyo ningeweza kufika Mombo, chini kabisa ya milima. Nisipotua, sikuwahi kufikisha mia tano. Nilikuwa nimejijenga kwa vipande, na njia yetu haina vipande. Nilijua hilo na nilinyamaza, kwa sababu nilitaka mzee Yusufu aone bega langu, asisikie visingizio vyangu.

Uchungu ulimshika Rehema wiki tatu kabla ya wakati, alfajiri ya siku ya soko la Mlalo, mvua ya masika ikinyesha tangu jana yake. Bi Tatu, mkunga wetu, alimshika tumbo, akasema tusubiri kidogo. Saa tatu asubuhi alitoka nje akinawa mikono, akasema mtoto amelala mkingamo na yeye hathubutu kumgusa tena. Siku ya soko ilikuwa na bahati moja tu. Salvatory, mfanyabiashara wa kabichi, hupita na pikapu yake kutoka Mlalo kwenda Lushoto kati ya saa saba na saa nane mchana. Ikishapita hiyo, kwa mvua ile, hakuna gari mpaka kesho. Na Rehema hakuwa na kesho.

Ramadhani alikwenda mbio kumwita Danieli shuleni. Saa nne tulikuwa njiani. Mbele kulia mzee Yusufu, mbele kushoto mimi, kwa sababu tunalingana kimo. Nyuma walikuwa Ramadhani na Danieli. Mwanaheri na Bi Tatu walifuata na beseni na khanga. Rehema alikuwa amefunikwa nailoni, na kila uchungu ulipokuja alishika mti wa upande wangu, nikawa nausikia ukivutwa begani.

Hatua mia tatu za kwanza nilizihesabu, nikawa salama. Mia nne. Njia ilikuwa imegeuka utelezi, kila hatua unaizamisha kwanza ndipo unaiamini. Mia tano na hamsini, magoti yakatoa taarifa, nikayatukana kimoyomoyo, nikaendelea. Tulivuka kijito maji yakiwa juu ya vifundo. Kufika mia tisa sikuwa nahesabu tena, nilikuwa naomba. Nyuma nilimsikia Danieli akihema kwa mdomo, na Danieli ni kijana wa miaka thelathini na mbili. Kwetu mwanaume aliye chini ya machela hasemi amechoka, husubiri kupokewa, na hapakuwa na wa kumpokea mtu.

Kwenye mteremko wa mawe, juu ya korongo, Ramadhani aliteleza. Goti lake likagonga chini, kona yake ikashuka ghafla, na Rehema akaviringika kuelekea korongoni. Alishika mti wangu kwa mikono miwili, akapiga ukelele ambao bado ninao masikioni. Danieli alivuta blanketi kwa meno na mkono, Ramadhani akanyanyuka na damu kwenye goti, machela ikakaa sawa. Nailoni iliteleza ikaanguka huko chini, na hatukuisikia ikifika.

Nikasema, "Mzee Yusufu, tumtue."

Hakugeuka. "Mgonjwa hatuliwi njiani."

"Tutamwangusha."

"Ukichoka sema umechoka, Amiri. Usimzike mwanao kwa sababu ya magoti yako."

Asidhani mtu kwamba mimi kwa ukarani wangu nililidharau lile sharti. Nililiamini, na ninaogopa kusema kama nimeacha. Mama yangu aliteremshwa njia hii hii na hakutuliwa, akarudi mzima. Nilijua nikimlaza Rehema pale kisha akafa, nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu, na kila mtu wa Kwengoto atalijua hilo kila nitakapopita. Lakini pia nilikijua kipimo changu, tena kwa namba, na kilikuwa kimepita zamani. Wenzangu walikuwa na nguvu kuliko mimi ila hawakujua zinaishia wapi. Nguvu ya namna hiyo huisha bila taarifa, kama ilivyoisha ya Ramadhani.

Rehema akasema juu ya bega langu, kwa sauti ndogo, "Baba, unatetemeka. Nakusikia kwenye mti."

Nilifanya nilichokuwa nikifanya kila alfajiri tangu Januari, nikanyoosha mgongo, nikakunja magoti, nikachuchumaa. Machela ina kona nne. Ya kwangu iliposhuka, wenzangu hawakuwa na la kufanya ila kushuka nami, la sivyo wangemmwaga mgonjwa. Ramadhani akachuchumaa, Danieli akachuchumaa. Mzee Yusufu alibaki wa mwisho, akanitazama kwa macho ambayo sikuwahi kutazamwa nayo na mtu, kisha naye akashuka.

Lakini kona yake haikugusa udongo. Aliingiza miguu yake miwili chini ya mti, katika katambuga zake za matairi ya gari, akauacha ulale juu ya nyayo.

Nyuma yangu Mwanaheri alijiziba mdomo kwa khanga. Bi Tatu alianza kusoma dua alizokuwa akizijua. Rehema alikuwa amelala juu ya tope la njia ya Kwengoto, mvua inamnyeshea usoni, ananitazama kama mtu anayesubiri kuambiwa. Nilisoma Alhamdu kwa sauti, mara tatu. Nilipomaliza nikasema kwamba kuanzia hapo tunakwenda hatua mia tatu, nahesabu mimi, halafu tunatua, kila mtu, aliyechoka na asiyechoka. Mzee alichomoa miguu yake chini ya mti. Aliinua.

Mia tatu, tukatua. Mia tatu, tukatua. Kwenye kituo cha tatu Ramadhani aliomba tutumie sala ya Danieli, Baba Yetu, kwa kuwa aliipima akaona ni ndefu kuliko yangu. Danieli akaisoma na hakuna aliyecheka, tulihitaji kila neno lake. Mwendo wetu ukawa wa hakika, hakuna mguu ulioteleza tena. Ila muda ulikuwa ukienda, na kila tulipotua nilihisi kwamba pikapu inatua nasi mahali fulani, imewasha moto, inataka kuondoka. Kila tulipotua pia nilitazama upande wa kulia. Mara zote zile katambuga zilikuwa chini ya mti. Kufika kituo cha saba kidole chake kikubwa kilikuwa kikivuja damu.

Kituo cha kumi tulisikia muungurumo, juu upande wa Mlalo. Bado tulikuwa na zaidi ya hatua mia tano. Danieli akasema tukimbie. Nikasema hatukimbii. Hapo nilitamani kukimbia kuliko wote, lakini nilijua mtu akikimbia na mia tatu zake anazimaliza kwenye mia moja. Mwanaheri hakungoja tumalize ubishi. Alitupa beseni, akafunga khanga kiunoni, akateremka nje ya njia, katikati ya migomba na mahindi ya watu, ule mteremko ambao hata mbuzi huuzunguka. Tulimsikia akivunja mabua, halafu hatukumsikia.

Tukaendelea mia tatu, tukatua, tukainua. Muungurumo ukaja chini yetu, ukawa mkubwa, ukakatika. Sikujua kama gari limesimama au limepinda kona. Nilihesabu kwa sauti ili nisifikiri.

Lilikuwa limesimama. Mwanaheri alikuwa katikati ya barabara, kichwa wazi, matope mpaka kiunoni, mikono imekamata bampa ya mbele. Salvatory alitutazama tunavyotokea kwenye migomba. Alipanda nyuma ya pikapu, akaanza kusukuma magunia ya kabichi kwenye mtaro, lumbesa moja baada ya nyingine, mpaka ikapatikana nafasi ya mtu kulala.

Jua lilipokuwa likizama Lushoto, Rehema alikuwa ameshapasuliwa na mtoto wa kike analia. Nilikaa kwenye benchi la nje, nikalia nami.

Mtu akidhani mambo yaliishia hapo, hakijui kitongoji. Rehema aliporudi, watu walikuja kumpongeza na kumwangalia. Walimwangalia siku arobaini. Siku ya kumi na mbili homa ilimpanda, uji ukamshinda, na niliona majirani wakiteta penye bomba na kunyamaza nikipita. Hakuna aliyenilaumu kwa mdomo. Nilikaa mlangoni pake siku nne, sikuinua dumu wala sikushika mti, nikamwambia Mungu kwamba kama kuna deni la kutuliwa basi ni langu, mimi ndiye niliyechuchumaa kwanza. Siku ya tano aliomba ndizi. Siku ya arobaini ilipopita mzee Yusufu alikuja na jogoo, akampakata mtoto, akamtazama sana miguu kama anayetafuta udongo, akaondoka bila kugusia ya njiani. Nikarudia dakika zangu sita, kwa sababu machela ilikuwa bado na wanaume walewale.

Mwezi wa Agosti, wakati wa baridi, mzee Yusufu mwenyewe alianguka shambani. Kifua kilibana, upande mmoja haukusikia. Hassani alikuwa amekuja kutoka Mererani kumwona mtoto, akashika kona iliyokuwa ya mzee. Mimi nilikuwa mbele kushoto, palepale pangu.

Hatua mia tatu zilipita, na sikuthubutu. Wenzangu walinitazama, nikatazama mbele. Huyu hakuwa mwanangu, alikuwa mwenye sharti lenyewe, na sikutaka auone udongo kwa uamuzi wangu. Mia nne zikapita. Mia tano, ukungu umeziba korongo, magoti yangu yakicheza nikiyajua kabisa.

"Amiri," alisema mzee juu ya bega langu. Mdomo ulikuwa mzito, lakini alisikika.

"Naam, mzee."

"Magoti yako. Nitue."

Nikamwambia kwamba bado naweza kidogo.

"Nitue, mgosi. Tulimlaza Rehema njia hii hii, na udongo haukumchukua."

Nikanyoosha mgongo, nikachuchumaa, na wenzangu watatu wakashuka nami. Kabla mti haujafika chini niliingiza miguu yangu yote miwili chini ya kona yangu, nikauacha ulale juu ya nyayo. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Nikaanza kusoma Alhamdu, polepole, mara ya kwanza kati ya tatu.